Fedha ya Torino haikuwa muujiza: historia ya Damkronorna isimuliwe yote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo kurasa zetu za michezo hulipita juu juu kila Olimpiki ya majira ya baridi inapowadia. Ikitajwa hoki ya barafu ya wanawake wa Uswidi, husemwa kwamba mwaka 2006 walifanya muujiza mjini Torino, wakaitoa Marekani, kisha wakapotea. Maneno hayo yana makosa mawili. Muujiza haukuwepo, na kupotea hawakupotea. Waliporomoka kwa sababu zinazojulikana, zinazohesabika hata kwa vidole, na wakaanza kupanda tena kwa sababu zinazojulikana vilevile. Mwandishi anayeziruka humnyima msomaji ile sehemu ambayo kocha wa timu yoyote ndogo angeweza kuifanyia kazi.

Kwanza jina. Timu ya wanaume huitwa Tre Kronor, yaani Mataji Matatu, kutokana na nembo iliyo kifuani mwa jezi ya manjano. Wanawake huvaa nembo hiyohiyo na huitwa Damkronorna. Mashindano ya ubingwa wa Uswidi kwa wanawake yalianza 1988, na Nacka, klabu ya pembeni mwa Stockholm, ndiyo iliyotwaa kombe la kwanza. Mwaka 1989 ukachezwa ubingwa wa kwanza wa Ulaya, Ujerumani Magharibi, na Uswidi ikawa ya pili nyuma ya Ufini. Mwaka 1991 ikawa hivyo tena, 1993 tena, 1995 tena. Mara nne mfululizo fedha, na mara zote nne aliyewazuia ni jirani yuleyule. Dhahabu ilipatikana Yaroslavl, Urusi, mwaka 1996, na baada ya hapo ubingwa huo wa Ulaya haukuchezwa tena.

Kwa ulimwengu mzima mambo yalikuwa magumu zaidi. Ubingwa wa kwanza wa dunia, Ottawa 1990, Uswidi ilimaliza ya nne, lakini katika makundi ilifungwa na Kanada 15-1. Ottawa wanawake waliruhusiwa kupigana vikumbo kama wanaume, na baada ya mashindano hayo vikumbo vikapigwa marufuku. Msomaji aliweke hilo akilini, maana litarudi huko mbele. Hoki ya wanawake ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Nagano 1998, Uswidi ilikuwa ya tano kati ya timu 6. Mwaka 2001 ikashika nafasi ya saba duniani.

Mwaka mmoja baadaye, katika Olimpiki ya Salt Lake City, ikachukua shaba kwa kuifunga Ufini 2-1. Golini alisimama Kim Martin. Alikuwa na miaka 15.

Sasa tuje Torino, 17 Februari 2006, nusu fainali. Siku chache nyuma Kanada ilikuwa imewachapa Uswidi 8-1, kwa hiyo wengi waliingia uwanjani wakijua, au wakidhani wanajua, matokeo yatakuwaje. Marekani ikatangulia 2-0. Katika kipindi cha pili Maria Rooth akarudisha mabao yote mawili, na la kusawazisha akalifunga Uswidi ikiwa pungufu ya mchezaji mmoja.

Bao la namna hiyo linastahili kuangaliwa kwa karibu. Kosa dogo humpeleka mchezaji kwenye benchi la adhabu kwa dakika 2, na timu yake hubaki na wanne dhidi ya watano, mbali na makipa. Wanne hao hujipanga mraba mbele ya goli lao: wawili karibu na kipa, wawili juu. Kazi yao si kumfukuza mwenye kisahani, kile kipande cha mpira mgumu kinachochezewa. Kazi yao ni kuziba njia za pasi zinazopita katikati ya mraba. Anayetoka na kumkimbilia mpinzani ukutani huacha tundu, na bao huingia kupitia tundu hilo. Lakini timu yenye mtu wa ziada nayo ina udhaifu wake, kwani mabeki wake husimama mbele sana, karibu na mstari wa buluu unaotenga eneo la kushambulia, na nyuma yao hakuna mtu. Wakipiga pasi ya mlalo kati yao na mshambuliaji mmoja wa mraba akaisoma mapema kwa nusu sekunde, ana mita 30 na ushei za barafu tupu mbele yake na kipa peke yake. Ndiyo maana makocha huweka juu ya mraba wachezaji wenye akili ya kusoma pasi, wala si wenye nguvu tu.

Kipindi cha pili nacho kina ugumu wake ambao mtazamaji mgeni hauoni. Timu hubadilishana magoli lakini mabenchi hayahami. Katika kipindi cha kwanza na cha tatu benchi lako liko karibu na goli lako, na katika cha pili liko mbali nalo. Zamu moja barafuni huchukua sekunde 40 hadi 50, kisha watano hutoka na watano huingia mchezo ukiendelea. Ukikwama unalinda katika kipindi cha pili huwezi kutoka kwa urahisi, zamu hufika sekunde 70 au 80, miguu hujaa moto, magongo hubaki chini lakini vichwa havigeuki tena. Mabao mengi ya kipindi hicho yana mzizi wake kwenye zamu iliyopitiliza.

Kim Martin, ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka 20, aliokoa mashuti 37 siku ile. Idadi hiyo peke yake haielezi kitu mpaka uulize mashuti yalitoka wapi. Uwanja wa vipimo vya Ulaya una urefu wa mita 60 na upana wa mita 30. Ule wa Amerika Kaskazini una upana wa mita 26 hivi. Mita 4 za ziada humsaidia anayelinda, mradi awe na subira, kwa sababu mshambuliaji akisukumwa ubavuni huwa mbali na goli, na pembe yake ni finyu. Kipa akiiona shuti tangu inapoondoka kwenye gongo, na mabeki wake wakiondoa kila kisahani kinachomdondokea mbele, mashuti ya mbali hayamtishi. Kinachomuua kipa ni shuti asiyoiona kwa sababu kuna mtu mbele yake, na kile kisahani cha pili kinachorudi kutoka kifuani mwake. Uswidi walikubali kupigiwa kutoka mbali ili wasipigiwe kutoka karibu. Ni uamuzi uliofikiriwa, na kocha Peter Elander anastahili sifa yake.

Dakika za nyongeza hazikutoa bao. Ikaja mikwaju ya penalti. Katika hoki, mkwaju wa penalti si shuti ya kusimama. Kisahani huwekwa katikati ya uwanja, mpigaji hukichukua na kuteleza nacho kuelekea goli, harudi nyuma, na kikishaokolewa hakuna kurudia. Kipa hutoka mita kadhaa mbele ya mstari ili goli lionekane dogo machoni pa mpigaji, kisha hurudi nyuma kwa kasi ileile ya mpigaji. Akirudi mapema anaacha pembe zote mbili za juu wazi. Akichelewa, mpigaji humzunguka na kusukuma kisahani kwenye goli tupu. Martin hakufungwa hata mkwaju mmoja. Upande wa pili Pernilla Winberg, msichana wa miaka 16, akafunga, na Rooth akafunga. 3-2. Tangu 1990, kila fainali ya ubingwa wa dunia na ya Olimpiki ilikuwa Kanada na Marekani. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa timu nyingine kuingia. Fainali Uswidi ilifungwa na Kanada 4-1 na kuondoka na fedha.

Kwa nini nasema haukuwa muujiza? Kwa sababu Rooth na Erika Holst hawakukutana na Wamarekani kwa mara ya kwanza Torino. Wote wawili walichezea Chuo Kikuu cha Minnesota Duluth, kilichokuwa bingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 2001, 2002 na 2003. Ratiba ya vyuo ni mechi mbili kila mwisho wa wiki, Ijumaa na Jumamosi, na mazoezi karibu kila siku, dhidi ya wasichana walewale ambao baadaye wangevaa jezi za Marekani na Kanada. Mtu aliyekutana nao mara kadhaa kwa mwaka anajua beki gani hugeukia kushoto na kipa gani hushuka magotini mapema. Nyumbani nako kulikuwa na shaba ya dunia ya 2005, iliyopatikana Uswidi penyewe, katika miji ya Linköping na Norrköping. Mwaka 2007 ikaja shaba nyingine, Winnipeg. Fedha ya Torino ilikaa katikati ya shaba mbili, na shaba ya Salt Lake City ikitangulia. Timu iliyopata medali nne kati ya 2002 na 2007 haikubahatisha.

Ligi ya taifa, Riksserien, ilianza 2007, baada ya Torino. Kabla ya hapo klabu zilicheza ligi za kanda, kisha zikakutana kumtafuta bingwa. Ubaya wa ligi za kanda ni kwamba timu kali hushinda kwa mabao kumi na zaidi wiki baada ya wiki, na mchezaji bora hajifunzi kitu: ana muda wa kuinua kichwa, kutazama, kutoa pasi, hata kukosea. Akifika dhidi ya Kanada muda huo umekatwa nusu. Ligi moja yenye timu zinazokaribiana huponya tatizo hilo, ila huchukua miaka. Mwaka 2016 ligi ikabadilishwa jina na kuitwa SDHL, na Luleå, klabu ya kaskazini kabisa, ndiyo iliyoitawala kwa miaka mingi iliyofuata.

Timu ya taifa, kwa upande wake, ilikuwa inashuka. Katika Olimpiki ya Vancouver 2010 ilipoteza shaba kwa Ufini 3-2 katika dakika za nyongeza, na Rooth akastaafu. Sochi 2014 ilipoteza shaba kwa Uswisi 4-3. Pyeongchang 2018 ilitolewa robo fainali na Ufini 7-2 na kumaliza ya saba. Atakayetazama mlolongo huo ataona kwamba Uswidi haikuwa imezidi kuwa mbovu kwa kiasi kikubwa. Wengine walikuwa wameongeza mwendo. Uswisi, Urusi, Japani, Ujerumani na Ucheki waliwekeza wakati Uswidi ikiishi kwa kumbukumbu ya Torino. Na hapa naona lawama inawaangukia wasimamizi wa mchezo kuliko wachezaji.

Aprili 2019, ubingwa wa dunia, Espoo, nchini Ufini. Mwaka huo timu ziliongezwa kutoka 8 kuwa 10. Kundi la juu la timu 5 lilipita lote kwenda robo fainali. Katika kundi la pili walipita watatu tu, na wawili wa mwisho wakashuka daraja moja kwa moja, bila mechi ya kujiokoa. Uswidi ilikuwa kundi la pili. Ilifungwa na Japani 3-2, ikamaliza ya tisa na kushuka daraja kwa mara ya kwanza katika historia yake. Katika mfumo wa namna hiyo, tofauti kati ya kucheza robo fainali na kushuka inaweza kuwa bao moja, na bao hilo lilikosekana.

Agosti mwaka huohuo wachezaji 43 walikataa kwenda kambini. Hawakuwa wakitafuta utajiri. Wengi walikuwa na kazi au masomo, na kila wiki ya kambi ilimaanisha mshahara uliokatwa, hivyo walidai fidia ya kipato wanachokikosa. Walidai bima. Walieleza safari zilizopangwa ovyo, mavazi yaliyokatwa kwa umbo la wanaume, na bidhaa za lishe zilizopitwa na tarehe. Chama cha wachezaji wa hoki, SICO, kilisimama nao. Kauli mbiu yao ilikuwa För Framtiden, kwa ajili ya siku zijazo, na mashindano ya mataifa matano yaliyokuwa yachezwe mwezi huo Ufini yakafutwa. Makubaliano yalipatikana Oktoba. Waliosema wakati ule kwamba timu iliyoshuka daraja haina haki ya kudai chochote walikuwa wamegeuza mambo kichwa chini miguu juu: hali ileile iliyolalamikiwa ndiyo iliyoishusha timu. Mchezaji anayetoka kazini saa 11 jioni, akala mkate garini na kufika mazoezini saa 1 usiku hawezi kuwa na miguu ile ya kipindi cha pili niliyoieleza hapo juu.

Kisha korona ikafunga mlango. Mashindano ya daraja la chini ya 2020 yakafutwa, ya 2021 yakafutwa pia, kwa hiyo Uswidi haikuwa na uwanja wa kupandia. Njia pekee iliyobaki wazi ilikuwa mchujo wa Olimpiki, uliochezwa Luleå Novemba 2021, nao wakaupita. Beijing 2022 waliifunga Denmark 3-1 wakaingia robo fainali, na huko Kanada ikawapiga 11-0. Katika ubingwa wa dunia wa mwaka huo, uliochezwa Denmark, Uswidi ilipewa nafasi ya Urusi iliyofungiwa. Aprili 2023, katika ubingwa wa dunia wa Brampton, Kanada, ikakutana tena na Kanada ileile robo fainali. Ikasawazisha kutoka nyuma na kufungwa 3-2 katika dakika za nyongeza. Kutoka 11-0 hadi 3-2 ni miezi 14.

Sababu moja naiona ndani ya ligi. Kuanzia msimu wa 2022/23, SDHL iliruhusu vikumbo, ikiwa ligi ya kwanza ya wanawake kufanya hivyo. Wengi waliogopa majeraha, na woga huo una msingi iwapo vikumbo vitaruhusiwa bila kufundishwa. Kikumbo halali hupigwa kwa bega au nyonga, kwa mtu mwenye kisahani, kutoka mbele au ubavuni, kamwe si mgongoni wala kichwani. Gongo hutangulia, mwili hufuata: kwanza unamnyima pasi, ndipo unamsukuma. Anayepokea ndiye mwenye mengi ya kujifunza. Mahali pa hatari uwanjani ni umbali wa kama mita moja au moja na nusu kutoka ukutani. Aliyegusa ukuta kwa bega na nyonga akisukumwa, ukuta humpokea mwili mzima na nguvu hutawanyika. Aliye mbali ana nafasi ya kuanguka na kuteleza. Lakini aliye mita moja, ameinama, anatazama kisahani miguuni, akisukumwa huanguka kichwa kikitangulia, na kichwa ndicho kinachofika ukutani kwanza. Kwa hiyo msichana hufundishwa kutazama nyuma ya bega kabla ya kukifikia kisahani, kujibana ukutani au kukaa mbali nao kabisa, na kutoinamisha kichwa hata akianguka. Haya hayafundishwi kwa wiki moja. Faida yake ni kwamba mchezaji aliyezoea kubanwa nyumbani hatikisiki anapobanwa na Mkanada.

Sababu nyingine ni vijana. Timu ya chini ya miaka 18 ilipata fedha ya dunia mwaka 2018, na tena Januari 2023 mjini Östersund, ambako iliitoa Marekani 2-1 katika nusu fainali. Hilda Svensson alicheza Östersund, na miezi mitatu baadaye, akiwa na miaka 16, alikuwa Brampton na wakubwa. Na njia ya Rooth kwenda Amerika imepanuka: kipa Emma Söderberg alipita Duluth ileile kabla ya kusaini Boston katika ligi ya kulipwa ya PWHL. Maja Nylén Persson akaenda New York, Lina Ljungblom akaenda Montreal.

Msomaji wa Nairobi anaweza kuuliza yanamhusu nini. Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu mwaka 2024, na mazoezi hufanyika kwenye barafu ya hoteli ya Panari, uwanja mdogo kuliko kipimo cha kimataifa. Barafu ndogo ina faida: kisahani kiko karibu na kila mtu muda wote, na msichana hukigusa mara nyingi zaidi katika dakika 10 kuliko ambavyo angekigusa kwenye uwanja wa mita 60. Hasara yake ni kwamba hawezi kujifunza kubadilisha zamu kutoka mbali wala kulinda upana. Hayo yatahitaji mechi za nje, na mechi za nje zinahitaji nauli, bima na ruhusa ya kazini.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Timu hii itakapocheza tena, gazeti lichapishe pamoja na matokeo idadi ya mashuti ya kila upande, mabao yaliyofungwa timu ikiwa pungufu, na klabu ya kila mfungaji. Nafasi itakayotumika haizidi mistari mitatu. Kisahani chenyewe, kwa wasiokifahamu, ni kipande cha mpira mgumu chenye kipenyo cha sentimita 7.62, unene wa sentimita 2.54 na uzito wa gramu 156 hadi 170, na hugandishwa kabla ya mchezo ili kisidunde. Tafadhali msikiite mpira kwenye vichwa vya habari.

Msomaji wenu,
Linköping, Uswidi